"Huna Kitu" Haitoshi: Bi Harusi na Maumivu ya Kifua



Leo hatuzungumzii vitambaa wala hina, tunazungumzia kifua. Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Tukuyu tumewavalisha maharusi wengi, na tunaijua ile wiki ya mwisho kabla ya nikah. Kifua kinabana, moyo unaenda mbio, pumzi haishuki vizuri. Wengi hunyamaza, maana mtu akisikia neno moyo, anasikia kifo.

Bi harusi mmoja wa hapa Rungwe, binti wa miaka 24, alibanwa na kifua usiku, siku 9 kabla ya nikah yake. Ndugu zake walimpakia kwenye gari na mvua ikinyesha, wakampeleka hospitali. Alipimwa, akakaa saa kadhaa, mwisho akaambiwa maneno mawili tu: "Huna kitu." Akapewa vidonge vya maumivu, akarudishwa nyumbani. Asubuhi tulipompelekea gauni ajaribu, tulimkuta amekaa kitandani, hakulala hata kidogo. Akatuuliza, "Kama sina kitu, hiki kinachoniuma ni nini?"

Kufika alasiri maneno yalikuwa yameshafika kwa wakwe. Bi harusi ana ugonjwa wa moyo, ataweza kuzaa kweli? Posa ikaanza kutikisika.

Tatizo ni kwamba daktari anaposema "huna kitu", anamaanisha kuwa haoni hatari ya moyo. Mgonjwa anasikia mengine. Anasikia "unajisingizia", au "hatukuona, nenda kafie nyumbani". Vipimo vimekuwa sawa, lakini hofu imerudi nyumbani naye vilevile.

Siku ya pili mama yake alimpeleka kwa daktari mwingine, na vyeti vyote mkononi. Tulikuwepo. Daktari yule alivuta kiti, akakaa, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza usiku ule: "Mwanangu, unaogopa nini hasa?" Binti akalia. Baba yake mkubwa alianguka kwenye shamba la chai akiwa ameshika kifua, akafariki palepale.

Basi daktari akaanza hapo hapo kwenye hofu. Akamfungulia karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, akamwonyesha mapigo yake kwa kidole. Akamweleza kuwa damu ilipimwa troponini mara mbili, kitu ambacho hupanda misuli ya moyo inapoumia, na mara zote mbili haikupanda. Presha sawa, sukari sawa. Kisha akambonyeza ubavuni, binti akaruka: maumivu ni yale yale. Akasema, "Hapa ndipo panapouma, kwenye maungio ya mbavu, na wasiwasi unayazidisha. Maumivu ni ya kweli. Yanaweza kurudi siku mbili tatu, usishtuke." Akampa tarehe ya kurudi, akamtajia na dalili za kuja mbio bila kusubiri tarehe. Haikuzidi dakika 10. Binti mwenyewe akaomba mama mkwe aitwe naye aelezwe. Usiku ule alilala, na nikah ilifungwa siku ile ile iliyopangwa, alhamdulillah.

Dada zetu, "hatari ndogo" haitoki hewani. Madaktari wa dharura wana hesabu iitwayo HEART, iliyotoka Uholanzi mwaka 2008. Huangalia mambo 5: maelezo ya maumivu, kipimo cha umeme wa moyo, umri, vihatarishi kama presha na kisukari, na troponini. Kila jambo lina alama 0 hadi 2. Ukipata jumla ya 0 hadi 3, uko kundi la chini. Katika watu 100 wa kundi hilo, mmoja au wawili hivi ndio hupata tatizo kubwa la moyo ndani ya wiki 6. Ni kidogo sana, lakini si sifuri, ndiyo maana lazima uelezwe dalili za kukurudisha.

Wala tusijipe moyo bila kupimwa. Watafiti waliofanya kazi KCMC kule Moshi walionyesha kuwa mshtuko wa moyo mara nyingi hautambuliwi kwa watu wanaofika hospitali na maumivu ya kifua. Si kila kituo kina troponini. Ukipewa rufaa ya Mbeya, au kwa wa visiwani Mnazi Mmoja, nenda.

Kabla ya kutoka hospitali, uliza kwa adabu: Mmepima nini, na mmeona nini? Mnadhani maumivu haya yanatokana na nini? Yakirudi nifanye nini? Nirudi lini? Omba uandikiwe, na nenda na mtu wa kukusaidia kukumbuka.

Mweleze daktari kila kidonge unachomeza, hata vile vya kuchelewesha hedhi ili isiangukie siku ya harusi, na vile vya kupunguza mwili. Usione haya. Baadhi ya dawa za homoni huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Rudi haraka kama kifua kinakandamizwa na hakiachii, maumivu yanapanda mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi linakutoka, pumzi inakata, umezimia, au mguu mmoja umevimba. Sisi wanawake wakati mwingine moyo hutujia kwa kichefuchefu, uchovu mkubwa na maumivu ya mgongo. Mjamzito na aliyejifungua karibuni wasisubiri kabisa.

Kusoma dua na kwenda hospitali havigombani. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta matibabu, na dhikri hutuliza nyoyo. Na wewe mama, shangazi au somo unayemsindikiza bi harusi, usimwambie "acha kudeka". Muulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize.

Allah awape maharusi wetu afya na utulivu, awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma. Aamin.