Tulivyochagua Amortisa za Pikipiki

Hapa Kolwezi mtu akinunua pikipiki, majirani humwuliza kwanza habari za mashine: ina nguvu gani, yanywa mafuta kiasi gani, imetoka India au China. Ni wachache wanaouliza habari za amortisa, yaani vile vyombo viwili vya nyuma vyenye springi, ambavyo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huviita shokapu. Wala hawaulizi habari za ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu, ambayo nayo ina springi na mafuta ndani yake. Mashine itakufikisha uendako, kweli. Lakini utafika katika hali gani, hilo si neno la mashine.

Sisi tu watatu wenye pikipiki moja: ndugu wawili, na shemeji yetu aliyetoa sehemu kubwa ya fedha za kuinunua. Siku za kazi pikipiki hiyo huchukua abiria katika mitaa ya Manika na Dilala, na chakula cha nyumba mbili chatoka humo. Tena mara mbili kila mwezi humchukua mama yetu kutoka Kapata mpaka hospitali ya mjini, kwa kuwa mgongo wake umekuwa mgonjwa tangu alipoanguka na ndoo ya maji. Kukodi motokari kila safari hatuwezi. Basi, amortisa za nyuma zilipoanza kutoa mafuta na pikipiki ikawa yarukaruka kama mbuzi, ilitubidi kufungua kopo la akiba. Fedha zilizokuwamo zilitosha kuchagua mara moja tu, na kila mmoja wetu alikuwa na shauri lake.

Kabla ya kueleza mashauri hayo, yafaa kwanza tuseme habari ya njia. Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, na barabara kubwa zake zina lami. Ile iendayo Lubumbashi, yapata kilometa 300 kwa kupita Fungurume na Likasi, ina lami pia, lakini ni ya malori yaliyobeba shaba na kobalti, na pikipiki sharti ikae kandokando, pale lami inapomeguka. Ukiacha barabara hizo na kuingia mitaani wakuta udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi laingia kila mahali penye tundu. Wakati wa mvua udongo huo wageuka potopoto, na chini ya maji hujui kama kuna shimo la kidole au shimo la goti. Huko Kasulo, ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao, mtu hakuweza hata kuamini kwamba ardhi ya leo itakuwapo kesho. (Kobalti hiyo imo leo katika betri za magari yanayotembea juu ya njia laini kuliko zetu. Tulipomwambia mama hivyo, alicheka mpaka akashika mgongo.)

Basi, shauri la kwanza lilikuwa la mdogo wetu. Aliona dukani amortisa nyekundu zenye kopo dogo ubavuni, akasema ndizo za mashindano, na abiria wataipenda pikipiki. Kopo la namna hiyo lina maana yake kweli. Ndani ya amortisa mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu vyembamba, na kwa kupita kwao huzuia haraka ya springi. Kazi hiyo huleta joto, hata ukiigusa amortisa baada ya safari ndefu ya njia mbovu utaiona ina moto. Mafuta yakichemka na kufanya povu hayazuii tena kitu. Ndiyo sababu amortisa za gharama hutiwa gesi ya nitrojeni yenye kukandamiza mafuta yasifanye povu. Kampuni ya Öhlins ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1976, imepata sifa duniani kwa amortisa za namna hiyo, na jozi moja yaweza kuwa ya bei kubwa kuliko pikipiki yetu nzima. Lakini zile nyekundu za dukani bei yake ilikuwa ndogo mno. Fundi wetu alituonyesha moja kama hizo aliyoikata kwa msumeno: kopo lilikuwa tupu, limebandikwa kwa urembo tu.

Tena zilikuwa ndefu kuliko za asili kwa sentimeta 3. Vijana hupenda nyuma ya pikipiki iinuke. Nyuma ikiinuka, mbele hulala, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi na kutikisika katika mwendo. Mnyororo nao hubadili mkazo wake. Na kile kijiti cha kuegeshea huwa kifupi, hata pikipiki hulala ubavu sokoni mbele ya watu.

Shauri la pili lilikuwa la kaka, naye alikuwa na hoja ya tumbo. Wako wenye pikipiki wanaobeba magunia ya makala, na wengine magunia ya madini mpaka soko la Musompo, nao huweka springi ngumu kabisa. Wengine hukata vipande vya mpira wa tairi na kuvisukuma katikati ya mizunguko ya springi, na wengine huchomea chuma, ili nyuma isishuke hata ikipakiwa nini. Kaka alisema: tukiweka springi ngumu tutabeba abiria asubuhi na magunia jioni, na akiba itarudi upesi.

Hapo tulibishana siku nyingi, maana hoja hii si ya mpumbavu. Gunia halina mgongo. Lakini pikipiki iliyofungwa kwa ajili ya kilo 200 za makala, ikirudi na dereva peke yake, gurudumu la nyuma halikai chini. Laruka juu ya mawe, na gurudumu lililo hewani halina breki. Tena pigo ambalo springi haikulimeza halipotei. Huenda kwenye fremu, hasa pale amortisa zinapofungwa, na tumeona fremu mbili mtaani kwetu zilizopasuka mahali hapohapo. Lisipomezwa na chuma humezwa na uti wa mgongo wa mtu. Shemeji ndiye aliyeuliza swali lililotukalisha kimya: «Twamnunulia nani hizi amortisa, mama au makala?»

Tukaenda kwa fundi mmoja mzee wa Manika, aliyefanya kazi ya garaji miaka mingi kabla hajafungua kibanda chake. Tulimsalimu, tukamwambia, «Baba fundi, tuchagulie zilizo imara.» Akajibu, «Wanangu, kwanza niambieni kilo.» Hakuna aliyejua kilo zake. Ikatubidi kwenda kwa mwuza unga kupimwa kwenye mizani yake ya magunia, watu wakituangalia.

Kipimo alichofanya kila mmoja aweza kukifanya nyumbani, kwa hiyo tukieleze vizuri. Alisimamisha pikipiki juu ya stendi ya kati, gurudumu la nyuma likawa halikugusa chini. Akatia alama ya chaki kwenye madigadi, juu kabisa ya ekseli, akapima kutoka ekseli mpaka chaki. Kisha akaishusha chini, dereva akapanda akakaa kama anavyokaa safarini, akapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kadiri springi ilivyoshuka. Mwendo wote wa amortisa yetu ni kama sentimeta 10, na mtu akikaa, springi yafaa ishuke kama robo ya mwendo huo, au theluthi kwa kuzidi sana. Yetu ilishuka sentimeta 6 kwa dereva peke yake. Zilizobaki 4 ndizo zilizokuwa zikingojea mashimo yote ya Kolwezi, pamoja na abiria.

Mdogo wetu akasema, «Baba, si tukaze ile pete ya chini?» Amortisa za pikipiki hizi zina pete yenye ngazi tano. Fundi akaikaza mpaka ngazi ya mwisho, tukapima: sentimeta 5. Akatueleza neno ambalo wengi hawalijui. Pete haiongezi ugumu wa springi. Yainua pikipiki tu, kwa kuibana springi kabla ya safari. Ukitaka kujua kama springi ni yenye kufaa, kaza pete mpaka dereva akikaa ishuke ile theluthi; kisha ashuke yeye, uangalie pikipiki tupu. Ikiwa haishuki hata kidogo kwa uzito wake yenyewe, springi ni dhaifu, nawe umeilazimisha. Ikishuka sana ikiwa tupu, springi ni ngumu kupita mzigo wako. Ikishuka kama sentimeta 1, umepata.

Jambo la springi na mafuta kwenda pamoja si jipya. Zamani, kabla ya vita kuu ya pili, pikipiki nyingi hazikuwa na springi nyuma kabisa. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na zilizokuwapo ni springi za chini ya kiti tu. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki zenye miguu ya mbele inayoingiana kama mrija ndani ya mrija, yenye mafuta ya kutuliza mwendo. Miguu ya pikipiki yetu ya leo ni wajukuu wa ile.

Na miguu hiyo ya mbele ndiyo tuliyokuwa tumeisahau sisi sote watatu. Fundi aliifungua, yakatoka mafuta meusi yenye mchanga. Kaka akataka yatiwe mafuta mazito sana, ya namba 20, ili mbele isizame mtu akishika breki. Fundi akakataa. Mafuta mazito huchelewesha springi, lakini hayabebi uzito. Katika njia yenye mashimo madogo yanayofuatana, gurudumu likishuka halipati nafasi ya kurudi kabla ya shimo la pili. Laingia shimo la tatu springi ikiwa bado imebanwa, na mwishowe ni kama huna springi. Akatia mafuta ya namba 10, kipimo sawasawa miguu yote miwili, maana mguu mmoja ukizidi mwingine wausumbua usukani. Juu ya kila springi akaweka kipande cha bomba cha sentimeta 1, mbele ikainuka kidogo. Akabadili na mipira ya kuzuia mafuta, akavisha miguu soksi za mpira juu yake, kwa sababu potopoto ikikauka kwenye chuma hukwaruza ile mipira kama msasa. Kazi hii yote ya mbele ilikuwa ya bei ndogo kuliko amortisa moja ya nyuma.

Kwa nyuma tulichukua amortisa nyeusi zisizo na urembo, urefu uleule wa asili, springi nene kidogo kuliko za kwanza, zenye pete ya ngazi tano. Dereva peke yake, ngazi ya pili, hushuka sentimeta 2 na nusu. Akipanda mama, hufika 4. Tukikaza mpaka ngazi ya nne, hurudi 3. Basi ufunguo wa pete hukaa sasa chini ya kiti, na kabla ya safari ya hospitali dereva hugeuza pete pande zote mbili, ngazi sawa. Fundi alituagiza pia tuache kujaza tairi hewa hadi ziwe kama jiwe, kama wengi wafanyavyo kwa kuogopa pancha, kwani tairi ndiyo inayokutana na shimo kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna duka linaloliuza. Amortisa hizi tulizipimia dereva na abiria mmoja, yapata kilo 130. Wakipanda abiria wawili, ule mtindo ambao ndugu wa Tanzania huuita mshikaki, hesabu yote yaharibika, na springi hugonga mwisho wake katika shimo la kwanza. Kukataa abiria wa pili ni kukataa chakula, tusijidanganye. Jioni ya kwanza kaka alirudi na fedha pungufu, wala hakusema neno. Juma la pili tulipatana hivi: abiria wa pili hapana, magunia hapana, lakini safari za alfajiri zianze nusu saa mapema. Shemeji huandika mapato katika daftari. Mpaka sasa bado hayajafika yalipokuwa zamani, ingawa pengo lapungua, na mwezi huu hatukununua mpira wa ndani hata mmoja.

Katika safari ya hospitali ya zamani mama alikuwa akituomba tusimame mara tatu kabla ya kufika mjini, ashuke, ajinyoshe, ashike kiuno. Safari iliyopita alituomba kusimama mara moja. Tukadhani ni mgongo, tukashuka upesi kumshika. Kumbe alikuwa amemwona shoga yake wa siku nyingi akiuza mihogo kando ya njia, nasi tukangoja juani karibu saa nzima.