Kupima Maji ya Nyanza

Ziko elimu ambazo watu huziheshimu bila ya kuambiwa. Mganga akikuponya homa hutamsahau, na mwalimu akimfundisha mwanao wamwona mtoto asoma. Bali elimu ya maji, yaani kujua yatokako na yaendako, kiasi chake na nguvu zake, ni elimu iliyojificha, na mwenye kuisoma aghalabu huulizwa na jamaa zake, "Je, maji nayo yasomwa?" Nataka kusema maneno machache juu ya swali hilo, kwa kuwa nimeishi kando ya Nyanza umri wangu wote, na hasara ya kutojua nimeiona katika ukoo wetu.

Sisi watu wa Mwanza twalijua ziwa kwa macho. Twaijua rangi yake kabla ya mvua na sauti yake usiku wa upepo. Walakini jicho halina kumbukumbu ya miaka sitini. Wazee walitusimulia jinsi maji yalivyopanda baina ya mwaka 1961 na 1964, mita 2 na zaidi, nasi tukiwa vijana tulidhani ni hadithi za wazee. Kisha baada ya mwaka 2003 maji yakaanza kushuka, hata ilipofika 2006 yakawa yamepungua zaidi ya mita 1, chini kuliko yalivyopata kuwa kwa muda wa miaka 80 hivi. Ufuo ukawa mpana, na kaka yangu akaona amepata kiwanja cha bure. Akajenga vibanda vitano vya kuuzia dagaa mahali ambapo zamani mitumbwi iliegeshwa. Mwaka 2020 ziwa likapanda, likapita hata alama ya mwaka 1964, na vibanda vyote vitano vikaingia majini pamoja na mtaji.

Siku alipokuwa akiyaopoa mabati yake alisema, "Waganda wamefunga maji." Na mwaka 2006 alikuwa amesema, "Wameyafungua." Jirani yake alishikilia kuwa ni bomba la Shinyanga ndilo lililokuwa likilimaliza ziwa. Basi kila mtu na hukumu yake, wala hapana aliyekuwa na kipimo.

Sasa tazameni elimu inavyolijibu jambo hili. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Ni sahani pana, si mtungi. Takriban sehemu nne katika tano za maji yanayoingia humo ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yatokayo hupanda hewani kuwa mvuke. Mto utokao ni mmoja, nao ni Nile, pale Jinja, ambako maji yamekuwa yakipimwa na kuandikwa daftarini tangu mwisho wa karne ya 19. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 yalikuwako mapatano kwamba liachie kiasi kile kile ambacho mto ungalitoa wenyewe bila ya bwawa. Baadaye, mnamo mwaka 2000, mitambo ya bwawa la pili, Kiira, ikaanza kufanya kazi. Wataalamu walipopiga hesabu ya kushuka kule kwa 2006, waliona kwamba takriban nusu yake ilitokana na ukame, na nusu ilitokana na maji yaliyoachiwa kupita mapatano. Kwa hiyo kaka yangu alisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni kitu cha hatari sana mdomoni mwa mtu mwenye hasira.

Ama kupanda kwa mwaka 2020 kulitokana na mvua nyingi mno. Wachunguzi wa Vrije Universiteit Brussel, huko Ubelgiji, pamoja na wenzao, walikadiria mwaka 2024 kwamba kuongezeka kwa joto la dunia huenda kumelifanya tukio kama lile liwe rahisi kutokea mara 1.8 kuliko zamani. Nao wakakiri wazi kwamba kweli yaweza kuwa mbali na kadirio lao, juu au chini. Mimi napenda ungwana huo. Mtaani petu sijamsikia mtu akitoa habari ya ziwa na kutaja kiasi anachoweza kukosea.

Na bomba je? Mwaka 2006 lilikuwa halijazinduliwa. Lilizinduliwa mwaka 2009. Tena hesabu yake hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Sentimita 1 ya ziwa zima ni mita za ujazo milioni 688. Mtambo wa Butimba hapa mjini ulijengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku. Ungehitaji miaka 39 kuteka sentimita hiyo moja. Bomba lenyewe laanzia Ihelele, ambako pampu huyapandisha maji mpaka kilima cha Mabale, kisha hushuka kwa uzito wake kwenda Kahama na Shinyanga. Mwalimu Nyerere alikwisha kukataa mwaka 1962 kufungwa na mapatano ya maji ya Nile ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri. Lakini neno la siasa halipandishi maji kilimani. Yataka mtu ajuaye msuguano wa maji ndani ya bomba, na unene wa chuma utakaostahimili kishindo chake pampu zinapozimika ghafula.

Binti wa kaka huyo huyo sasa ataka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa maji. Baba yake ataka asome uhasibu. "Kupima maji si kazi," alisema mbele yangu. Binti akamjibu kwa adabu, "Baba, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mita 60 kutoka maji yapi, ya 2006 au ya 2020?" Kaka akanyamaza. Afisa ajapo na utepe wake hana budi kuambiwa aanzie wapi, na wa kumwambia ni yule aliyelisoma daftari la miaka mia, wala si mwenye kibanda wala mwenye cheo.

Na kazi ingaliko nyingi. Mvua kubwa ya ziwa hili hunyesha katikati ya maji, tena usiku, mahali pasipo nyumba wala chombo cha kuipima. Setilaiti huikisia tu kutoka juu, na makosa mengi ya hesabu zote hizi huanzia hapo. Nilimwuliza binti angependa kuanza na nini akipata nafasi. "Mvua ya Ukerewe, baba mdogo," alisema, "usiku."