Kikohozi cha Horombo

Tulipotoka lango la Marangu jua lilikuwa kali, nasi akina mama wa kwaya tulipanda tukiimba na kutoka jasho. Kabla ya Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulishuka na mvua ikatunyeshea msituni. Tulibadili fulana zilizolowa, tukavaa sweta na kofia, maana nguo mbichi hunyang'anya mwili joto. Mafua yenyewe huletwa na virusi, si baridi. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na kikombe chake, na tulinawa kwa sabuni kabla ya kula.

Siku ya pili, Horombo, mita 3,720, mwenzetu alikohoa usiku kucha. Alikuwa amekificha kikohozi tangu nyumbani, asituharibie safari. Alfajiri alihema hata akiwa ameketi. Huko juu hiyo si dalili ya kutibu kwa chai ya tangawizi. Huenda maji yanajaa mapafuni. Tulimshusha mara moja, sote, hadi hospitali. Alipona.

Mama mpenzi, ukiwa na kikohozi, sema kabla ya kufunga mzigo. Mlima hauhami.