Nusu Fainali Iliyogeuzwa Fainali

Mechi ile haikuwa fainali, wala haikuchezwa Houston chini ya paa. Ilikuwa nusu fainali ya mpira wa Kimarekani wa shule za sekondari za Texas, Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, mjini Austin, uwanja ukiwa wazi na mvua ikinyesha mpaka soksi zikajaa maji. Naanza na hilo kwa sababu filamu ya mwaka 2004, Friday Night Lights, imewasimulia watu mengine kabisa, na kila nikikutana na mtu aliyeitazama hunifundisha mimi mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Kwenye filamu, kijana wa Permian, timu ya shule ya mjini Odessa, anaangushwa unyayo tu kabla ya mstari. Siku yenyewe tulifungwa 14–9, na hapakuwa na mtu wa kuangushwa karibu na mstari. Pasi ilirushwa, haikudakwa, basi.

Nasema "tulifungwa", na hilo lataka maelezo, maana mimi ni mtu wa Tanga.

Nilifika Odessa, magharibi mwa jimbo la Texas, kusoma chuo. Enzi zile Mtanzania ukimtajia upande huo wa Marekani aliwaza El Paso, kule Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walikochukuliwa na chuo kikuu kwa ajili ya mbio. Nilipoaga nyumbani, nusu ya jamaa walidhani nakwenda kwa kina Nyambui. Kumbe kati ya El Paso na Odessa kuna zaidi ya kilomita 400 za nyika, na ukishafika Odessa hakuna mlima, hakuna mto, hakuna mti wa kuegemea. Kuna vumbi, kuna harufu ya gesi, na kuna mitambo ya kuvuta mafuta inayoinama na kuinuka mchana na usiku kama kuku anayedonoa mtama.

Mitambo mingi ilikuwa imesimama. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka hadi kama dola 10 kwa pipa, na kabla ya hapo benki kubwa ya mji jirani wa Midland ilikuwa imekwishafilisika mwaka 1983. Mwenyeji wangu, mzee mmoja aliyenipangisha chumba cha uani, alikuwa mtu wa visima tangu ujana wake. Kazi ilipokwisha alibaki na pikapu, mke mwenye moyo wa kukaribisha wageni, na viti viwili vya msimu mzima katika uwanja wa Ratliff. Nilimwita Mzee tangu wiki ya kwanza. Alipojua maana yake akalipenda, naye akaniita kijana mpaka siku niliyoondoka. Mkewe alikuwa na miguu mibovu iliyomzuia kupanda ngazi za jukwaani. Ndivyo kiti chake kilivyokuwa changu.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1982 na wakati ule uliingiza watu zaidi ya 19,000. Nilirudia kumuuliza Mzee kama kweli ni wa shule. Nami nilikuwa nimecheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari kwetu! Tulisafiri nyuma ya lori tukiwa tumekalia magunia, viatu tukiachiana wakati wa kubadilishwa mchezaji, na bado tulijiona mabingwa wa dunia. Pale vijana wa miaka 17 walitoka kwenye handaki chini ya taa kali, na kelele zilizowapokea sikuwahi kuzisikia hata Simba na Yanga wakikutana. "Mojo! Mojo!" Hilo ndilo lilikuwa neno lao, na hata sasa sijapata mtu wa kunipa maana yake inayotosheleza. Kila mchezaji alikuwa na msichana wake wa shuleni aliyepangiwa kumhudumia msimu mzima: kumpikia keki, kumtengenezea bango la kusimika mbele ya nyumba yao. Wasichana hao waliitwa Pepettes. Kila Jumanne jioni wazee wa mji walikutana na kocha, Gary Gaines, wakaoneshwa mkanda wa mechi iliyopita na kumuuliza maswali, wengine kwa sauti ambayo kwetu mtu hamtolei hata karani wa mahakama.

Wakati huo wote kulikuwa na mtu mmoja kati yetu ambaye hakuwa na shauku. Alikuwa Mzungu mwenye daftari, H. G. Bissinger, mwandishi wa gazeti kutoka Philadelphia, aliyehamia pale na familia yake kuandika kitabu. Watu walimpenda. Walidhani anawaandikia sifa.

Mchezaji aliyetegemewa mwaka ule alikuwa Boobie Miles, mkimbiaji mwenye kifua cha mtu mzima. Nilitaka sana kumwona kwa sababu ambayo sikumwambia Mzee: alikuwa mweusi, na katika mji ule njia ya reli iliwagawa watu. Weusi na Wamexico wengi waliishi kusini mwa reli. Shule ya Ector, iliyokuwa yao, ilifungwa mwaka 1982 kwa sababu ya amri ya mahakama ya kuchanganya wanafunzi, na wakati wa kugawa mipaka mipya, Permian ilipata sehemu yake ya vijana wenye mbio kutoka kusini. Wapo waliosema mipaka ilichorwa kwa kutazama mpira. Mimi sikuwa kwenye kikao hicho, lakini nimekaa kwenye jukwaa hilo, na sioni sababu ya kuwabishia.

Sikumwona Boobie akicheza sawasawa. Mwezi Agosti, katika mechi ya majaribio mjini Lubbock, mguu wake ulinasa kwenye nyasi bandia na goti likaharibika. Aliporudi alikuwa na kifaa cha kufunga goti na woga wa kugeuka. Nafasi yake alishaichukua Chris Comer, na Comer alikuwa akikimbia vizuri mno. Jinsi watu walivyomsahau Boobie kwa haraka ndiyo iliyonishangaza. Yule yule waliyemwimba mwezi Agosti, kufika Oktoba mtu mmoja nyuma yetu alimtaja kwa neno ambalo sitaliandika, lile ambalo mtu mweusi akiwa Marekani hahitaji kutafsiriwa. Mzee aligeuka akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama uwanja. Hakuna aliyesema kitu. Filamu inamwonyesha Boobie pembeni mwa uwanja siku ya mwisho, akiwatia moyo wenzake. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaiacha timu kabla ya mtoano kuanza.

Mwishoni mwa Oktoba tulifungwa 22–21 na Midland Lee, watani wetu wa jadi, wa mji ulio kilomita kama 30 tu kutoka kwetu. Pointi moja! Usiku ule ule watu walikwenda nyumbani kwa kocha wakasimika mabango ya "Inauzwa" kwenye bustani yake. Asubuhi Mzee alinipitisha kwa pikapu, bila kunieleza tunakwenda wapi, nikayaona. Hakucheka. Alisema tu kwamba yule bwana ana watoto ndani ya nyumba ile.

Ligi ya kanda ilipomalizika, timu tatu zilikuwa sawa: Permian, Midland Lee na Midland High. Nafasi za kuingia mtoano zilikuwa mbili. Kwa kanuni zao, suluhu ilikuwa kurusha shilingi. Hapo ndipo nilipopigwa butwaa, kwa sababu nchi ile inapima kila kitu kwa saa na kwa rula, halafu jasho la miezi mitatu inaliachia sarafu. Kwa kuhofia umati, mahali pa kurushia palifanywa siri: kituo cha malori nje ya Midland, usiku wa manane. Lakini siri yenyewe ilikuwa na kamera ndani yake, na televisheni ilirusha moja kwa moja. Mji mzima ulikuwa macho. Tulikaa sebuleni, mke wa Mzee ameshika Biblia bila kuifungua. Makocha watatu walisimama kama washitakiwa, kila mmoja na sarafu yake. Ziliporushwa na kuhesabiwa, Midland High walikuwa nje, wao ambao hawakuwa wameonja mtoano kwa miongo. Mzee aliruka hadi miwani ikamtoka. Mkewe akasema kwa upole, "Kuna mama wa mtu huko Midland analia sasa hivi." Sijawahi kusikia mtu mwingine yeyote Odessa akilizungumzia jambo hilo.

Mtoano ulikuwa na utamu wake, lakini kwa kweli raundi za mwanzo hazina mengi ya kusimulia. Amarillo Tascosa walitolewa, wakafuata Andress ya El Paso, kisha Nimitz ya Irving, kisha Lamar ya Arlington katika robo fainali. Kinachonikalia kichwani ni safari zenyewe. Texas ni kubwa kuliko Kenya, na timu za shule zinavuka jimbo lote kutafutana. Tulijipanga barabarani magari kwa mamia, kila kioo kimeandikwa Mojo kwa rangi nyeupe ya viatu, na katika miji midogo polisi walitupungia mkono. Watu waliopoteza kazi, waliokuwa wakilipa nyumba kwa kuungaunga, walijaza mafuta bila kuuliza bei. Nilimuuliza Mzee fedha anatoa wapi. Akajibu kwamba kisima chake cha mwisho kilichobaki ndicho hiki.

Kisha Austin. Wapinzani wetu walikuwa Carter kutoka Dallas, shule ya mtaa wa watu weusi wenye kazi zao na nyumba zao, na walikuwa wakubwa, wepesi, wenye majigambo. Mmoja wao, Jessie Armstead, baadaye alicheza miaka mingi katika ligi ya kulipwa na New York Giants. Zaidi ya hayo, walikuwa wanacheza mtoano ule mahakama zikiwa katikati. Sheria ya Texas ya mwaka 1984 ilisema mwanafunzi asiyepata alama 70 katika somo hachezi, na mchezaji wao mmoja alidaiwa kufeli aljebra. Mwalimu alisema hivi, mkuu wa shule akasema vile, wanasheria wakaingia. Odessa walizungumzia aljebra ile kuliko walivyowahi kuzungumzia hesabu za watoto wao wenyewe.

Tuliingia Memorial Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Texas, mkubwa mno hata mashabiki wa pande zote mbili wakaonekana kama wamepotea humo. Mvua haikukoma. Upande wetu ulikuwa mweupe karibu wote, umevaa nyeusi. Ng'ambo walikaa watu wa rangi yangu. Nilikaa kando ya Mzee nimejifunika plastiki, nikahisi macho mawili matatu yakinipima kutoka kila upande, hata kama ng'ambo walikuwa mbali mno kuniona. Nilikuwa shabiki wa nani? Kusema kweli, mara ya kwanza kijana wa Carter alipoudaka mpira na kukimbia, miguu yangu iliinuka yenyewe kabla sijaamua. Mzee alinivuta plastiki nikae. "Si huyo, kijana," akasema, na tukacheka wote wawili.

Kufika robo ya nne tulikuwa mbele 9–7. Kisha Carter wakavuka mstari na ikawa 14–9. Asiyeujua mchezo huo ajue maana ya hesabu hiyo: mpira wa kupigwa kwa mguu unaopita juu ya mwamba huleta pointi tatu, nasi tulihitaji zaidi ya tano. Kwa hiyo hapakuwa na njia ila kuvuka mstari, na muda ulikuwa unakatika. Mike Winchell, kijana mwembamba mkimya aliyekuwa akiugawa mpira, alirusha na kurusha. Mpira wa ngozi ukilowa huwa kama samaki mikononi, na pasi zake za mwisho hazikufika. Basi. Vijana walikaa kwenye matope, wengine wakilia kwa sauti, na sisi tukaanza safari ya karibu saa sita kurudi nyumbani bila kuwasha redio.

Carter waliwafunga Converse Judson katika fainali wakatawazwa mabingwa. Mwaka uliofuata, baadhi ya wachezaji wao walikamatwa kwa uporaji wa kutumia silaha na kufungwa. Permian nao wakatwaa ubingwa Desemba 1989, kwa kocha yule yule ambaye bustani yake iliwekewa mabango. Kitabu kilitoka mwaka 1990, na Odessa ikawaka moto kwa hasira, kwa yale mambo ya reli na lile neno la jukwaani yaliyoandikwa bila kufichwa. Bissinger alitishiwa mpaka akaghairi kwenda kukizindua pale. Mimi nilikisoma nikiwa nimesharudi nyumbani, na nakala niliyoazima ilikuwa imepigiwa mistari na mtu ambaye nadhani hajawahi kuona mpira wa Kimarekani maishani mwake.

Mzee aliniandikia kuhusu kitabu hicho mara moja tu, akasema hataki kukijadili. Kilichomwuma kilikuwa kingine. Kesi ya aljebra ilipokwisha kuzunguka, Carter walinyang'anywa ubingwa wa 1988, na taji likapewa Judson. Barua yake ilijaa kurasa mbili mbele na nyuma kwa suala hilo peke yake. Judson, alisema, walifungwa na Carter kwa zaidi ya pointi 10. Sisi tulifungwa kwa tano, kwenye mvua. Na kama Carter hawakustahili kuwapo, basi siku ile ya Austin mshindi alikuwa Permian, na Permian na Judson walipaswa kukutana. Alitaka nimjibu kama mtu niliyekuwapo. Nilimjibu kwamba hoja yake ni sahihi, na kwamba ampelekee kocha. Alishampelekea, akaandika tena. Kocha alimwambia aende akalale.