Kwa Baiskeli Mpaka Bonde la Lualaba

Ukisikia jina la Kolwezi, bila shaka wakumbuka shaba, kobalti na malori makubwa. Hukosei. Mji huo ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, uwe makao ya machimbo ya magharibi mwa Katanga. Na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Lakini iko Kolwezi nyingine, Kolwezi ya vijia vya porini. Hiyo huonekana vema na mtu aliyepanda baiskeli, au kinga, kama wenyeji waiitavyo. Mimi na vijana watatu tulikwenda kuitazama mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi.

Baiskeli zetu zilikuwa za milimani, zenye matairi mapana na gia nyingi. Asili yake ni vilima vya California, huko Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu, wakashindana kushuka nazo mlimani, hata grisi ya breki ikaungua na kutoa moshi. Siku hizi katika nchi kama Uingereza njia za mchezo huo hutiwa alama za rangi: kijani kwa anayejifunza, buluu kwa aliyezoea, nyekundu na nyeusi kwa mabingwa. Kandokando ya Kolwezi watu hupanda na kushuka vilima kwa ajili ya riziki, nao huipima njia kwa mzigo walioubeba. Hilo tulifundishwa njiani, kama utakavyoona.

Anayeanza na aanze mjini. Kolwezi imekaa juu ya uwanda wenye kimo cha meta 1,400 hivi, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kupendeza. Barabara za mitaa ya zamani ni za tambarare. Hapo mtoto aweza kujifunza kushika breki, kugeuka na kubadili gia. Akiisha zoea, na afuate vijia vya mashambani, katikati ya mihogo na vichuguu vya mchwa vyenye kimo kupita nyumba.

Njia ya pili ni ya vilima. Hapo miti ya miombo hukaribiana, na mizizi na mawe hutokeza njiani. Mara kwa mara utakutana na kilima kisicho na miti, chenye majani mafupi tu. Usidhani kimefyekwa. Udongo wake una shaba nyingi, na miti mingi haiwezi kuistahimili. Baada ya mvua huchanua huko ua dogo la rangi ya zambarau, liitwalo ua la shaba. Watafutaji wa madini walilifuata, maana palipo na ua hilo kwa wingi, shaba haiko mbali. Katika kushuka, inuka juu ya pedali, rudisha mwili nyuma, wala usiikaze breki ya mbele peke yake, usije ukarushwa juu ya usukani.

Njia ya tatu ni ya wenye nguvu. Yaelekea bonde la Lualaba, mto utokao kusini na kukata vilima ukienda kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulizuiwa kwa boma la Delcommune, ambalo baadaye liliitwa Nzilo, ili kupata umeme wa machimbo. Likafanyika ziwa kubwa. Chini ya boma hilo mto hupita katika korongo lenye kuta za mawe. Mtu asiende huko peke yake, wala bila maji, pampu na viraka.

Katika mteremko mmoja wa njia hiyo kijana wetu mdogo alishuka mbio, akipiga kengele. Mbele yake palikuwa na baba mmoja akisukuma kinga yenye magunia matatu ya makala, yaani makaa, akipanda polepole. Yule baba ilimbidi kuingia majanini, na mzigo ukaanguka. Tulirudi kumsaidia, nasi tuliona haya.

"Utusamehe, baba," alisema kijana.

"Haizuru, mwanangu," alijibu, huku akifunga kamba upya. "Lakini ujue, mimi nikisimama katikati ya kilima, kuondoka tena ni kazi. Na nikivunjika mguu leo, kesho watoto wangu hawali."

Tangu hapo tuliweka sheria yetu: anayecheza ampishe anayebeba. Twaiona yafaa kwa kila mpanda baiskeli, hodari au mwanafunzi.

Wazazi, wakumbusheni watoto jambo jingine. Barabara kuu iendayo Likasi na Lubumbashi si mahali pa kucheza. Malori ya madini na ya asidi hupita usiku na mchana. Mwezi wa Februari 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine katika jimbo hilo, na watu wapatao 20 walikufa. Tena msikanyage ardhi ya machimbo, maana mashimo hayana onyo. Kijia kilichokuwa wazi mwaka jana chaweza kuwa kimezibwa mwaka huu kwa ua wa mgodi. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, waulizeni wenyeji.

Jioni tulikaa juu ya jiwe, tukautazama Lualaba ukienda zake kuelekea Kisangani, ambako huitwa Kongo, na hatimaye baharini. Kisha tulirudi taratibu. Katika mteremko ule ule kijana wetu mdogo alishuka, akaikokota baiskeli yake kwa mkono, na hakuna aliyemcheka.