"Padri, safari hii asome nini?"



Wapendwa katika Kristo, juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, bibi mmoja wa Jumuiya zetu alinisubiri mlangoni pa ofisi ya parokia akiwa na mjukuu wake. Kijana amehitimu astashahada ya uhasibu, na tangu ahitimu amepeleka maombi ya kazi mahali pengi bila kupata jibu. Bibi aliketi, akaitengeneza kanga yake, akaniuliza: "Padri, wanasema siku hizi kuna mashine zenye akili, zinaandika na kupiga hesabu kuliko watu. Safari hii asome nini?"

Yale maneno "safari hii" yalinichoma. Sababu yake ni hii.

Mwaka 2003 nilikuwa paroko msaidizi papa hapa, kabla ya kuhamishwa na kisha kurudishwa. Tulikuwa na taipureta nane tulizopewa na wafadhili, tukafungua darasa la uhazili kwa mabinti waliomaliza kidato cha nne. Mimi ndiye niliyesimama mimbarini kuwahimiza wazazi: mpeleke binti yako, hatakosa kazi. Bibi huyu aliuza ng'ombe wake mmoja ili kulipia ada. Binti yake alifaulu vizuri, akaweza kuandika barua nzima bila kutazama vidole. Lakini kompyuta zilikuwa zimekwisha kuingia maofisini, na wakubwa walianza kuandika barua zao wenyewe. Alizunguka na cheti chake miaka miwili. Bibi hakunilaumu hata siku moja, na pengine ndiyo maana sijalisahau deni lile.

Binti yule leo ni wakala wa huduma za fedha kwa simu, na kijana huyu ni mwanawe. Kazi ya uwakala mwaka 2003 haikuwapo nchini: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Hakuna padri, mwalimu wala waziri ambaye angeweza kumwandalia mtaala wake. Niliwahi kumwuliza kama darasa lile lilimfaa kitu. Alicheka, akasema taipureta ilimfundisha kutazama tarakimu mara mbili, kwa kuwa karatasi iliyokosewa ilianzwa upya pamoja na nakala zake zote za kaboni. Kwa wakala, tarakimu moja iliyokosewa ni fedha ya mtu kwenda kwa mtu mwingine.

Kanisa halikuanza leo kulitafakari jambo hili. Tarehe 15 Mei 1891, viwanda vilipokuwa vikiwatumikisha maskini wa Ulaya kama vipuri, Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum. Na tarehe 10 Mei 2025, siku mbili baada ya kuchaguliwa, Papa Leo XIV aliwaeleza Makardinali kwamba alilichukua jina hilo hasa kwa ajili ya waraka ule, kwa kuwa akili mnemba imeleta mapinduzi mengine yanayogusa heshima ya mtu, haki na kazi. Miezi michache kabla yake, Januari 2025, Vatikani ilikuwa imetoa hati iitwayo Antiqua et Nova. Humo tunaonywa kwamba zana hizi zaweza kumpunguzia mfanyakazi ujuzi badala ya kumwongezea, na kwamba programu nyingi humpa mwanafunzi jibu badala ya kumsaidia kulifikia.

Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo. Kuyaelewa nilimwachia kijana huyu anieleweshe.

Nilimwomba anionyeshe barua yake ya maombi ya kazi. Ilikuwa barua nzuri mno, yenye Kiswahili ambacho hata mimi nisingekiandika. Ilisema kwamba ana uzoefu wa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Nikafungua kabati, nikampa daftari letu la parokia na taarifa ya benki ya mwezi uliopita. Alitazama ukurasa kwa muda mrefu, kisha akatoa simu ili aupige picha. Nilimzuia, kwanza kwa sababu daftari lile lina majina yenu na michango yenu, na hayo si mali yangu kuyapeleka nisikokujua. Akakiri, akiinamisha macho, kwamba barua iliandikwa na mashine, na kwamba hata mazoezi mengi ya chuoni aliyafanya kwa njia hiyo hiyo.

Sikumkemea. Nilimwambia aketi. Benki ilionyesha shilingi 33,000 zaidi ya daftari letu. Alihangaika hadi saa nane mchana, akifuta na kuandika upya, bibi akisali rozari kwenye benchi la nje. Hatimaye aliipata: hundi ya shilingi 45,000 tuliyompa fundi bomba ilikuwa haijapelekwa benki, na benki ilikuwa imekata makato ya shilingi 12,000 ambayo sisi hatukuyaandika. Aliniita kwa sauti iliyowashtua watoto wa kwaya.

Mashine ingelimaliza hilo kwa kufumba na kufumbua, nami sina ugomvi nayo kwa hilo. Hofu yangu ni nyingine. Tazameni mahali panapojengwa nyumba. Saidia fundi hubeba maji, huchanganya saruji, hupandisha tofali, na huku jicho lake linamfuata fundi anavyoshika timazi. Miaka ikipita naye anakuwa fundi. Maofisini, saidia fundi alikuwa karani mdogo aliyepewa kulinganisha madaftari na kuandika rasimu za barua. Hizo ndizo kazi ambazo mashine inazichukua kwanza. Mwajiri anaokoa mshahara mmoja leo. Baada ya miaka kumi atamtafuta mhasibu mzoefu, naye atakuwa hakumlea yeyote. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024, yenye mkondo wa amali, ni jambo jema, lakini mwanafunzi anayetoka huko naye atahitaji mtu wa kumpokea na kumvumilia anapokosea.

Kwa hiyo swali la bibi nililijibu kwa neno moja ambalo mwaka 2003 sikuwa na unyenyekevu wa kulitamka: sijui. Bibi alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Afadhali."

Kijana sasa anakuja kila Jumanne kukaa na mweka hazina wetu, ambaye analalamika kwamba anamaliza vifutio. Barua yake ameiandika upya mwenyewe. Ni fupi na ina makosa mawili, ambayo tumeyarekebisha pamoja. Daftari la mwezi huu lina tofauti ya shilingi 3,500, na hadi ninapoandika hajaipata.

Nawatakieni Dominika njema.