KUTEKA MAJI YA CHINI

Wanachuo wengi ninaowafundisha hapa Kasulu wamekula dagaa na migebuka tangu utotoni, lakini si wote waliowahi kuliona Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo somo la maji hulianza kwa swali: je, maji ya juu na ya chini ni mamoja? Wengi hujibu ndiyo.

Ziwa lina jibu jingine. Kina chake hufika mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huisha kwenye mita 100 hivi, na kusini kwenye mita 200 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi, na maji yana gesi inukayo kama yai viza. Maji ya juu yana joto, hivyo ni mepesi. Hukaa juu ya yale ya baridi wala hayachanganyiki nayo kwa urahisi.

Imejulikanaje? Hapo ndipo somo lilipo. Chupa iliyo wazi hujaa maji ya juu kabla haijafika chini. Wataalamu hushusha bomba lililo wazi pande zote mbili. Kisha kichuma huteremshwa kwenye waya, kikaligonga likajifunga. Papo hapo chomboni hutiwa dawa za njia ya Winkler ya mwaka 1888: mashapo yakiwa ya kahawia, oksijeni imo, yakibaki meupe, haimo.

Wako wenzangu wanaosema heri kuyaandika hayo ubaoni, kipindi ni kifupi. Siafiki. Faraguza. Jaza ndoo nusu kwa maji ya chumvi nyingi, kisha mimina maji matamu taratibu juu ya kipande cha jani la mgomba kinachoelea. Funga jiwe kwenye kichupa chenye kizibo, nacho kizibo kiwe na uzi wake. Kishushe hadi chini, vuta uzi, ngoja mapovu yaishe. Anika matone ya juu na ya chini kwenye vifuniko viwili vya bati, watoto waone chumvi ilikobaki. (Tumia ndoo, usiwapeleke bwawani.)

Mwanachuo mmoja aliniuliza kama kichupa hicho kingefaa ziwani. Swali zuri kuliko somo lenyewe! Hakifai: kwenye mita 100 uzito wa maji ungekisukumiza kizibo ndani, na mapovu yale ni hewa, ambayo ingetia oksijeni katika maji yasiyokuwa nayo. Jioni ile nilimkuta akikata kipande cha mwanzi, akitafuta namna ya kukiziba pande zote mbili kwa mpira wa baiskeli.